Nimeandika .env kwenye .gitignore, mbona bado inapanda GitHub?

Mwalimu,

Salamu kutoka Roysambu. Nimekuwa nikisoma majibu yako kimyakimya, leo ni zamu yangu kuaibika.

Mimi ni msichana wa miaka 26, na kazi ya programu nilijifunza mwenyewe. Tuko watatu. Tunatengeneza mfumo wa mama mmoja anayesafirisha vifurushi kwa matatu kutoka River Road kwenda mashambani. Mfumo unasajili kifurushi, unapokea malipo ya M-Pesa, unamtumia mpokeaji SMS na kuhifadhi picha ya kitambulisho cha mtumaji. Historia ya msimbo tunaitunza kwa programu ya Git. Msimbo uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kwenye ripo (hazina ya mradi) ya faragha, na seva ya mteja tunaisasisha kwa `git pull`, yaani kuvuta mabadiliko mapya.

Siku ya kwanza mama alitaka kuona kitu kabla ya saa nane mchana. Niliandika `git add .` inayochukua kila faili, nikakomiti (kuziandika kwenye historia), nikapushi (kuzituma GitHub), nikakimbilia matatu. Miezi minne baadaye ndipo nikaona kwamba node_modules yote, yaani maktaba tulizosakinisha, imo, folda ya uploads yenye vitambulisho vya watu imo, na .env yenye funguo zote imo. Nikatafuta dawa, nikatengeneza .gitignore, faili ya kuiambia Git ipuuze nini, yenye mistari hii:

node_modules
.env   # siri za mteja
uploads

Hakuna kilichobadilika. Nikajaribu `git rm .env`. Ikatoweka kwenye laptopu yangu, na usiku huo nikampigia mama simu nikimwomba funguo upya kama mtu aliyepoteza nyumba. Nilipoirudisha, ikaingia tena kwenye komiti iliyofuata!

Wiki jana mwenzangu mmoja alikomiti nakala ya hifadhidata. GitHub ikakataa kwamba faili imezidi MB 100. Akaifuta, akakomiti tena, ikakataa tena kwa maneno yaleyale. Sasa anasema tufute folda ya .git tuanze upya, kisha tuifanye ripo iwe wazi kwa umma kwa sababu anataka kuionyesha anapoomba kazi. Mwenzetu wa pili ana Mac, kila komiti yake inaleta .DS_Store, na akiambiwa anakasirika. Pia anataka package-lock.json ipuuzwe kwa kuwa inatugombanisha kila siku.

Jumatatu tunapokea mwanafunzi wa atachimenti ambaye atakloni, yaani atanakili, ripo hii yote kwa bando la simu yake. Nianzie wapi?

Mwenye Aibu, Roysambu

*

Mwanangu wa Roysambu,

Anzia kwenye funguo. Hiyo .gitignore iache ilivyo kwa saa moja, haitakimbia.

Ingia kwenye akaunti ya Daraja, tovuti ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, pamoja na mama mwenye biashara, mtengeneze funguo mpya za M-Pesa, zile za zamani zife. Fanya hivyo kwa ufunguo wa SMS, nenosiri la hifadhidata, na lile neno refu la siri ambalo mfumo wenu unatumia kutia sahihi vikao vya watumiaji. Hili la mwisho watu husahau kwa sababu hakuna kampuni inayolitoza pesa. Weka funguo mpya kwenye .env ya seva, hakikisha malipo ya shilingi moja yanapita, halafu ndipo tuzungumze kuhusu Git.

Utaniambia ripo ni ya faragha. Ndiyo, lakini funguo zimekaa miezi minne kwenye laptopu tatu na kwenye akaunti tatu ambazo sijui manenosiri yake yakoje. Na usiku ule ulipokuwa ukimpigia mama simu, hukuhitaji simu hata kidogo. Ungeandika `git checkout HEAD -- .env` na faili ingerudi nzima, kwa sababu Git ilikuwa nayo kwenye komiti ya mwisho. Mtu yeyote mwenye nakala ya ripo anaweza kufanya hivyo, leo au mwaka kesho, hata baada ya wewe kuifuta. Kwa hiyo ufunguo uliowahi kukomitiwa na kupushiwa uhesabu kuwa umeshatoka nje, ubadilishe. Kuufuta hakuugeuzi kuwa siri tena.

Nakuambia haya nikiwa na kovu. Kuna kazi niliyofanya zamani kwenye ofisi moja Westlands ambapo nilisafisha historia ya ripo kwa siku mbili, kazi safi kabisa, nikajipongeza. Nenosiri lenyewe sikulibadilisha hadi wiki iliyofuata. Sikupata hasara, lakini hiyo ilikuwa bahati na siwezi kukuuzia bahati.

Sasa .gitignore. Chukulia ghorofa mnayokaa. Getini kuna askari mwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kuingia. Ndani kuna keriteka mwenye daftari la wapangaji. Mtu akishaandikwa kwenye daftari la keriteka, askari hana habari naye hata jina lake likiwa juu kabisa ya ile orodha. Ni mpangaji, anaingia na kutoka na magodoro yake. Faili ya .gitignore ni yule askari. Inahusu faili ambazo Git haijaanza kuzifuatilia tu. Wewe siku ya kwanza, kwa `git add .`, uliwaandikisha wote daftarini: .env, node_modules na vitambulisho. Askari umemwajiri miezi minne baadaye.

Amri ya kumtoa mpangaji daftarini bila kubomoa nyumba yake ni hii:

git rm --cached .env

Neno hilo `--cached` ndilo ulilolikosa. Bila hilo, Git inafuta jina daftarini na faili kwenye diski pia. Ukiliweka, faili inabaki kwenye laptopu yako, ila Git inaacha kuifuatilia. Kwa folda unaongeza `-r`, yaani `git rm -r --cached node_modules uploads`.

Lakini kuna kosa la pili, na hilo ndilo lililonifanya niusome waraka wako mara mbili. Ulipotumia `git rm`, jina la .env lilitoka daftarini kweli. Ulipoirudisha faili, ilikuwa ngeni tena, na askari alipaswa kuizuia. Hakuizuia kwa sababu ya maneno yako "# siri za mteja". Kwenye .gitignore alama ya # ni maelezo pale tu inapoanza mstari. Ikija katikati, Git inaisoma kama sehemu ya jina. Kwa hiyo askari wako amekuwa akisubiri faili inayoitwa ".env   # siri za mteja", nafasi zote zikiwemo, na faili ya jina hilo haitafika getini maisha yake yote. Maelezo yapandishe yakae mstari wake peke yake.

Kuna njia ya kumhoji askari. Andika `git check-ignore -v .env` na Git itakujibu ni faili gani ya .gitignore, mstari wa ngapi, inayoizuia. Ikikaa kimya, ama hakuna mstari unaoihusu, ama faili bado iko daftarini, maana kwa kawaida amri hiyo haizungumzii faili zinazofuatiliwa. Basi iulize baada ya `git rm --cached`, si kabla. Na kama mmoja wenu yuko kwenye Windows, aangalie Notepad haikuhifadhi faili kwa jina la .gitignore.txt, nimeona watu wazima wakibishana na Git mchana kutwa kwa ajili ya herufi tatu hizo.

Sasa tafadhali keti, hapa ndipo mtu huangusha biashara ya mama wa watu.

Ukishakomiti hiyo `git rm --cached`, kwenye laptopu yako mambo yatakuwa shwari. Lakini komiti hiyo inasema nini kwa wengine? Inasema ".env imeondolewa". Mwenzako akivuta mabadiliko, Git itatii na kuifuta .env kwenye diski yake. Seva nayo mnaisasisha kwa `git pull`, na seva ina .env ileile na uploads ileile. Kwa kuwa .env ya seva umeshaiwekea funguo mpya, Git huenda ikakataa kwanza kuvuta. Ukiilazimisha, picha zote mlizokomiti zitafutwa kwenye seva, mfumo utakosa funguo, na River Road watu watasimama na vifurushi mkononi wakikuuliza malipo yamekwama wapi. Neno `--cached` linamlinda aliyeandika amri peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kupushi, tuma ujumbe kwenye kundi lenu kwamba kila mtu ahamishe .env na uploads nje ya folda ya mradi. Fanya hivyo kwenye seva wewe mwenyewe, kwa mkono wako, saa za usiku ambazo matatu hazipakii. Kisha pushi, vuta kwenye seva, rudisha faili, sakinisha upya node_modules ambayo nayo itakuwa imefutwa, jaribu malipo. Kuanzia hapo hazitaguswa tena kwa sababu daftarini hazimo.

Badala ya .env, weka kwenye ripo faili iitwayo .env.example yenye majina ya funguo bila thamani zake, ili mgeni ajue mfumo unahitaji nini. Ukiamua kuzuia familia nzima kwa `.env.*`, ongeza chini yake `!.env.example`, alama ya mshangao inamwambia askari "huyu mwache apite", na mstari wa chini hushinda wa juu.

Alama hiyo ina masharti, na folda ya uploads itakufundisha. Git haihifadhi folda tupu. Ukiitoa uploads, mwanafunzi wenu atakloni ripo isiyo na folda hiyo na huenda picha ya kwanza ikaangusha mfumo. Desturi ni kuweka ndani yake faili tupu, wengi huiita .gitkeep. Jina hilo Git yenyewe hailijui, ni mazoea ya watu tu. Ukiandika `uploads/` halafu `!uploads/.gitkeep` haitafanya kazi. Folda nzima ikishazuiwa, Git haiingii ndani hata kutazama, kwa hiyo haitafika kwa huyo uliyemsamehe. Andika `uploads/*`, maana yake vilivyomo ndani, ndipo msamaha usomeke. Mimi hili lilinila jioni nzima na kikombe cha chai kilichopoa.

Na picha zenyewe si jambo la Git pekee. Vitambulisho ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhesabu mama kuwa mdhibiti wa data na ninyi wachakataji wake. Mtu asiyeruhusiwa akizipata na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, mdhibiti ana saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data, na mchakataji anatakiwa amwambie mdhibiti mapema zaidi, ndani ya saa 48 inapowezekana. Kwa ulichonieleza sioni kwamba zimefika kwa mtu wa nje. Hata hivyo mwambie mama zimekaa wapi miezi hii minne. Atakasirika kidogo leo, na ni bora akasirike akisikia kutoka kwako.

Tuje kwa mwenzako na faili yake nzito. GitHub haipokei faili inayozidi MB 100, na safari hii iliwafanyia hisani, maana nakala ya hifadhidata ina nambari za simu za wateja wote. Alipoifuta na kukomiti, alidhani ameitoa. Ila kupushi ni kutuma komiti zote ambazo GitHub haijazipata: ile iliyoileta faili na ile iliyoifuta, zote mbili. Kwa kuwa hazijatoka kwenye laptopu yake, tiba ni rahisi. Kama tawi lenu ni main, aandike `git reset --soft origin/main`. Komiti zake ambazo hazijapushiwa zinayeyuka, kazi yake inabaki, na kwa vile faili alishaifuta, komiti mpya atakayoandika haitakuwa nayo. Kisha mwongeze `*.sql` kwenye .gitignore, au mwisho wowote ule ambao nakala zenu hutumia.

Yaliyokwisha kupushiwa ndiyo yenye shughuli. Linus Torvalds alipoianzisha Git mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, aliijenga hivi kwamba kila komiti inabeba alama ya iliyoitangulia. Ukiitoa .env kwenye komiti ya kwanza kabisa, alama yake inabadilika, ya pili inabadilika, mpaka ya leo asubuhi. Historia yote inakuwa mpya. Chombo cha kazi hiyo kinaitwa git filter-repo. Hakiji na Git, unakisakinisha kando. Kloni ripo upya kwenye folda safi, kisha:

git filter-repo --invert-paths --path .env --path node_modules --path uploads

Kikimaliza kitakuwa kimeondoa anwani ya origin, yaani ile ya ripo yenu GitHub. Usishtuke, kinafanya hivyo makusudi ili usipushi kwa bahati mbaya. Iongeze tena, upushi kwa `--force`. Wenzako wawili lazima wafute nakala zao za zamani wakloni upya, na seva vilevile. Mmoja wao akiunganisha nakala ya zamani na hii mpya, uchafu wote unarudi na .env yake juu. Hiyo .gitkeep nayo iweke baada ya usafi huu, kwa sababu amri hiyo inakomba chochote kilichowahi kukaa ndani ya uploads. Komiti za zamani zinaweza kuendelea kufunguka GitHub kwa mtu mwenye nambari zake mpaka wahudumu wao waombwe kuzisafisha, ndiyo maana nilikuanzisha na funguo.

Mwenzako anayetaka kufuta .git simcheki. Kwa ripo ya kuonyesha watu anapoomba kazi, yuko sahihi kuliko anavyojua: tengenezeni ripo mpya, yenye komiti mpya, bila historia, bila picha, na mama akubali kwanza kwa sababu msimbo huo ni wake. Ile mnayofanyia kazi isifanywe wazi kamwe. Kuna programu zinazopekua ripo za umma usiku na mchana zikitafuta funguo. Na historia ya kazi yenu msiitupe. Siku malipo yatakapoandikwa mara mbili mtataka kujua ni badiliko gani na lilifanywa lini.

Bwana wa Mac ana haki ya kukasirika nusu. .DS_Store ni taka ya kompyuta yake, haihusiani na vifurushi. Mimi napenda .gitignore ya mradi ibebe vile tu ambavyo mradi wenyewe unazalisha: node_modules, uploads, logi, .env. Taka za mtu binafsi azizuie kwake, mara moja, kwa ripo zake zote:

git config --global core.excludesFile ~/.gitignore_global

Humo aandike `.DS_Store` na chochote ambacho kihariri chake kinatapika. Zilizokwisha kuingia mzitoe kwa `git rm --cached` kama zile nyingine. Na kama kuna faili ya majaribio ambayo ni yake ndani ya mradi huu mmoja tu, ipo .git/info/exclude, inasomwa kama .gitignore lakini haipushiwi kwa mtu. Wengi hawaijui, na ugomvi mwingi wa vikundi vidogo ungeishia hapo.

Kuhusu package-lock.json nimemkatalia. Faili hiyo ndiyo inayohakikisha laptopu zenu na seva zinasakinisha matoleo yaleyale. Ikiwagombanisha, kubalianeni ni nani anaongeza maktaba na lini. Ibaki.

Jambo moja la tahadhari kabla hujafunga ukurasa. Faili inayopuuzwa na Git haina nakala popote. Mtu akikupa `git clean -fdX` kama njia ya kusafisha mradi, ujue inafuta kila kinachopuuzwa, .env ikiwemo, na safari hii `git checkout` haitakurudishia. Funguo za mama zihifadhiwe kwenye programu ya manenosiri ambayo yeye mwenyewe anaweza kuifungua.

Mwanafunzi akifika Jumatatu, mpe ripo iliyosafishwa, .env.example, na funguo za sandbox, yaani za majaribio, za Daraja. Za malipo halisi hazimhitaji, na yeye hazihitaji. Kama usafi wa historia hautakuwa umekamilika kufikia hapo, mwambie akloni kwa `git clone --depth 1`, ambayo huleta komiti ya mwisho tu, na bando lake litapumua.